Nani Mwanglikana halali? Mvutano wa Canterbury ukitazamwa kutoka Mwanza

Tangu Oktoba 2025 makundi ya WhatsApp ya kwaya na ya vijana wa Kianglikana kandokando ya Ziwa Victoria hayajatulia. Tarehe 3 mwezi huo Sarah Mullally alitangazwa kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, yaani kiongozi wa Kanisa la Uingereza na mkuu wa heshima wa Waanglikana duniani, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Tarehe 16 ya mwezi huohuo, umoja wa maaskofu na waumini wenye msimamo wa kihafidhina unaoitwa GAFCON ulitoa tamko lililosainiwa na mwenyekiti wake, Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda. Tamko lilisema hawatashiriki tena mikutano inayoitishwa na Canterbury, na kwamba wao hawajaondoka katika Ushirika wa Anglikana kwa sababu wao ndio Ushirika wenyewe.

Habari hizi mbili zilifika kwetu zikiwa vipandevipande. Mmoja anasambaza kwamba Kanisa Anglikana limevunjika na kila mtu achague upande. Mwingine anajibu kwamba Canterbury ndiye papa wetu, ukimkataa umeacha Uanglikana. Wa tatu anauliza, kwa hofu ya kweli, kama ubatizo wa mwanawe bado unafaa. Na wapo wanaouliza swali linalogusa mfuko: kiwanja cha kanisa tulichochangia kwa miaka ni cha nani sasa?

Haya ni maswali manne tofauti, na vurugu nyingi inatokana na kuyajibu kana kwamba ni moja. Tuanze na maneno yenyewe.

Dayosisi ni eneo la askofu mmoja. Dayosisi kadhaa zilizoungana chini ya katiba moja na askofu mkuu mmoja ni Jimbo. (Jirani yako Mkatoliki anaita jimbo kile ambacho sisi tunaita dayosisi, kwa hiyo mkibishana hakikisheni mnazungumzia kitu kimoja.) Dayosisi ya Victoria Nyanza, yenye makao Mwanza, ilianzishwa 1963 na askofu wake wa kwanza alikuwa Maxwell Wiggins. Iko ndani ya Jimbo la Tanzania, yaani Kanisa Anglikana Tanzania, ambalo lilisimama lenyewe mwaka 1970 baada ya Jimbo la Afrika Mashariki kugawanywa, John Sepeku akiwa askofu mkuu wa kwanza. Ushirika wa Anglikana ni majimbo 42 ya dunia nzima yaliyoungana kwa historia, kwa sala na kwa kutambuana. Na mfarakano ni pale watu waliokuwa kanisa moja wanapoacha kushiriki meza moja na kutambua viongozi wao kwa wao.

Wakulima wa pamba wa Magu, Kwimba na Sengerema wana kitu kinachofanana sana na mpangilio huu: chama cha msingi, AMCOS. AMCOS ina katiba yake, bodi yake, ghala lake na mizani yake. AMCOS nyingi zinaungana katika chama kikuu, kama kile cha Nyanza, ili zisikike na zisaidiane, lakini mwenyekiti wa chama kikuu hamchagulii kijiji mwenyekiti wake. Sasa tuseme AMCOS kadhaa zinakasirishwa na uongozi wa juu, zinasema hatumtambui mwenyekiti huyu, tunaunda umoja wetu, na huo ndio ushirika halisi. Asubuhi inayofuata mkulima bado anapeleka pamba kwenye ghala lilelile na kupimiwa na karani yuleyule. Ugomvi ni wa kweli, na mwisho unaweza kumfikia, ila haumfiki kwa tamko peke yake. Kuna sehemu moja mfano huu unakwama, na hiyo ndiyo sehemu muhimu kuliko zote. Vyama vya ushirika vina Mrajis. Wakigombana, yupo mtu mwenye rejesta na sheria mkononi, anayeweza kusema hiki kimesajiliwa na hiki hakijasajiliwa. Waanglikana wa dunia hawana Mrajis. Hawajawahi kuwa naye.

Ukilishika hilo, mengine yote yanaanza kueleweka.

Askofu Mkuu wa Canterbury hawezi kumwondoa askofu wa Mwanza. Hawezi kutengua uamuzi wa Sinodi ya Tanzania, kikao kikuu cha kanisa chenye maaskofu, makasisi na walei, wala kuamuru kitu makao makuu yetu Dodoma. Anachoweza ni kualika na kuongoza vikao. Anaitisha Mkutano wa Lambeth wa maaskofu wote, ambao maazimio yake ni ushauri. Anaitisha mkutano wa maaskofu wakuu. Ni rais wa Baraza la Ushauri la Anglikana, linalojumuisha pia makasisi na walei, na ambalo kikao chake cha kwanza kilifanyika jirani zetu hapo, Limuru nchini Kenya, mwaka 1971. Yeye mwenyewe pamoja na vikao hivyo vitatu ndivyo vinavyoitwa vyombo vya ushirika. Hakuna hata kimoja chenye nguvu ya mahakama. Kumwita papa ni kumpa mamlaka ambayo hajawahi kuyadai.

Hata hivyo si sahihi kusema kiti hicho ni pambo tu. Mwaka 1930 Mkutano wa Lambeth uliueleza Ushirika kuwa ni makanisa yaliyo katika ushirika na kiti cha Canterbury. Kwa karibu miaka mia moja, basi, mtu akiuliza nani Mwanglikana, jibu la mkato lilikuwa: anayetambuliwa na Canterbury. Hapo ndipo GAFCON inapogonga. Inasema kipimo hakiwezi kuwa mtu aliyeko Uingereza, kipimo ni Biblia, na majimbo yaondoe jina la Canterbury kwenye katiba zao. Nigeria ilishafanya hivyo mwaka 2005.

Wengine wanadhani mvutano huu ulizaliwa na mitandao. Ni mkongwe. Katika miaka ya 1860 huko Natal, Afrika Kusini, Askofu John William Colenso alishtakiwa kwa mafundisho yake kuhusu Biblia, na Askofu Robert Gray wa Cape Town akamvua uaskofu mwaka 1863. Colenso alikata rufaa London, na mwaka 1865 Baraza la Malkia likaamua kwamba Gray hakuwa na mamlaka hayo kisheria. Natal ikaishia kuwa na maaskofu wawili, Colenso na mwenzake aliyewekwa wakfu 1869 kushika nafasi yake, kila mmoja na watu wake. Mkutano wa kwanza wa Lambeth, 1867, uliitishwa kwa sehemu kubwa kwa sababu ya vurugu hiyo. Kwa hiyo hata chombo tunachogombania leo kilizaliwa na ugomvi wa uhalali barani Afrika.

Ugomvi ulio karibu zaidi nasi unastahili kusimuliwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu bila huo huwezi kulielewa Kanisa Anglikana Tanzania. Injili ya Kianglikana iliingia nchini kwa milango miwili. Zanzibar, Tanga na Masasi zilipata wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana lililopenda ibada inayokaribia ya Kikatoliki: uvumba, kanzu za mapambo, kasisi anaitwa padre. Dodoma na huku kwetu ziwani zilipata CMS, shirika la Kianglikana la mrengo wa kiinjili: mahubiri marefu, meza badala ya altare, kasisi anaitwa mchungaji. Juni 1913 wamisionari wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu, Kenya, kujadili umoja, na kikao kikafungwa kwa Ushirika Mtakatifu ambao wasio Waanglikana nao walikaribishwa. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliposikia alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury akiwashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Si utovu wa nidhamu, uzushi! Canterbury ilisikiliza, ikatuliza, ikatoa maoni yake mwaka 1915, na hakuna upande ulioridhika. Mwaka huohuo Weston alitangaza kwamba hana ushirika na Askofu wa Hereford, Uingereza, kwa sababu askofu huyo alimpa cheo kasisi ambaye Weston alipinga mafundisho yake.

Sasa angalia kilichofuata. Mwaka 1960, miaka 36 baada ya Weston kufariki, dayosisi ya Zanzibar na dayosisi za CMS ziliingia katika Jimbo moja la Afrika Mashariki. Leo mtoto wa Mwanza akihamia Tanga anaingia kanisani, anashangaa uvumba, anapokea mkate na divai. Watu walioitana wazushi wamekuwa dayosisi za kanisa moja. Ninaamini historia hii ndiyo inayoifanya Tanzania isiwe na haraka ya kupasuka kila wengine wanapopasuka, na ninaiona kuwa hazina ambayo hatuitumii ipasavyo tunapoongea na vijana.

Tanzania haikukaa kimya, hata hivyo. Mkutano wa Lambeth wa 1998 ulipitisha azimio kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke na kwamba mahusiano ya jinsia moja hayapatani na Maandiko. Novemba 2003 Kanisa la Episkopo, yaani Waanglikana wa Marekani, likamweka wakfu Gene Robinson, aliyekuwa akiishi na mwanamume mwenzake, kuwa Askofu wa New Hampshire. Desemba 2006 maaskofu wa Tanzania wakatamka kwamba ushirika wao na kanisa hilo umeharibika vibaya, na kwamba hawatapokea kwa kujua misaada kutoka kwa wanaounga mkono mwenendo huo. Dayosisi zilizokuwa zikijenga zahanati na shule kwa fedha za marafiki wa Marekani zilikuwa na cha kupoteza, kwa hiyo usilisome azimio hilo kama maneno matupu. Miezi miwili baadaye, Februari 2007, maaskofu wakuu wa dunia walikutana Dar es Salaam, na baadhi yao walikataa kushiriki meza moja na Katharine Jefferts Schori, kiongozi wa kanisa hilo la Marekani. Wenzao walipokea, wao hawakupokea. Mfarakano unaanza hivyo, kabla ya barua wala wakili.

Mambo yaliyofuata nitayapitia haraka. GAFCON ilizaliwa Yerusalemu 2008. Mwaka 2009 waliojitenga Marekani na Canada waliunda Kanisa la Anglikana la Amerika Kaskazini, ambalo GAFCON inalitambua na Canterbury haijalitambua. Februari 2023 Sinodi Kuu ya Uingereza ilikubali sala za baraka kwa wapenzi wa jinsia moja; siku chache baadaye viongozi wa makanisa ya Kusini mwa dunia walisema hawamtambui tena Justin Welby kama kiongozi wa Ushirika, na Aprili GAFCON ikasema hayohayo Kigali. Welby alitangaza kujiuzulu Novemba 2024, lakini hilo lilitokana na ripoti kuhusu jinsi malalamiko ya unyanyasaji wa vijana uliofanywa na John Smyth yalivyoshughulikiwa, na halikuhusu mgogoro huu.

Hapa pana uongo wa kusahihisha. Kanisa la Uingereza halifungishi ndoa za jinsia moja. Lilichoruhusu ni sala za baraka, na fundisho lake la ndoa halijabadilishwa kwenye maandishi. Unaweza kuona, kama wengi wetu tunavyoona, kwamba hatua hiyo peke yake ni kubwa na ina makosa. Lakini ipinge kwa kile ilicho. Ukipinga kitu ambacho hakikutokea, atakayekujibu hatahitaji kugusa hoja yako.

Pana na jingine, kwamba Mullally ndiye chanzo. Tarehe zenyewe zinakataa: meza ilikuwa imeshakataliwa miaka mingi kabla hajachaguliwa. Jinsia yake kweli ni kikwazo kwa wengi, ila ramani ya jambo hilo haifuati mipaka ya GAFCON. Kenya imo GAFCON, na mwaka 2021 ilimweka wakfu Emily Onyango kuwa askofu msaidizi wa Bondo, ng'ambo ya ziwa hilihili, na Rose Okeno kuwa Askofu wa Butere. Hapa Tanzania suala la wanawake kuwa makasisi limeachiwa dayosisi. Ziko zinazowabariki na ziko zisizowabariki, na bado zinakaa Sinodi moja. Anayesema wahafidhina wote wa Afrika wanakataa wanawake hajapanda basi la Kisumu.

Turudi kwenye uhalali. Mtu anaposema askofu fulani si halali, muulize kwanza: si halali kwa lipi? Kuna uhalali wa kuwekwa wakfu, kuna wa kutambuliwa, na kuna wa sheria ya nchi. Mtu anaweza kuwa na mmoja akakosa mwingine.

Uhalali wa kuwekwa wakfu ni wa mikono. Tangu Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 desturi ni askofu mpya awekewe mikono na maaskofu wasiopungua watatu, na hao waliwekewa mikono na wengine kabla yao, kurudi nyuma kizazi hadi kizazi. Maaskofu wa GAFCON wanao mfuatano huo. Wa Canterbury wanao. Wa kanisa jipya la Amerika Kaskazini wanao. Kwa Wakatoliki ni hadithi nyingine: Papa Leo XIII alitamka mwaka 1896 kwamba daraja zetu zote ni batili, kwa hiyo rafiki yako wa Bukumbi anaposema maaskofu wenu si halali anazungumzia jambo la 1896 na wala hajaingia kwenye mvutano wa 2025. Ni vizuri kumwelewa kabla ya kukasirika.

Umuhimu wa kuuliza mikono imetoka wapi unaonekana kwa Reuben Spartas wa Buganda. Huyu alikuwa Mwanglikana, akachoshwa na kanisa lililotawaliwa na wazungu, na mwaka 1929 akatangaza kuanzisha Kanisa la Orthodoksi la Waafrika. Alimwita askofu kutoka Afrika Kusini, Daniel William Alexander, ambaye alimpa upadre mwaka 1932. Baadaye Spartas aligundua kwamba Waorthodoksi wenyewe hawautambui mfuatano wa Alexander. Angeweza kunyamaza, maana waumini alikuwa nao. Akachagua njia ndefu: aliandika, akangoja, hadi Upatriaki wa Aleksandria ulipolipokea kanisa lake mwaka 1946. Waorthodoksi wa Uganda leo ni matunda ya uamuzi huo wa mtu mmoja kutoridhika na uhalali wa nusu.

Uhalali wa kutambuliwa ni wa mahusiano, na ndio unaoyumba sasa. Unahusu nani anakualika, nani anakupokea mezani, nani anakubali barua yako. Unaweza kubadilika bila mtu yeyote kubadilika. Nassa, kwenye Ghuba ya Speke, ilikuwa kituo cha CMS. Mwaka 1909 CMS ilikikabidhi kwa misioni ya Africa Inland, na ndiyo sababu mojawapo ya AIC, kanisa lililotokana na misioni hiyo, kuwa kubwa Usukumani na sisi kuwa wachache. Wakristo wa Nassa walikuwa walewale na visima vyao vilevile. Kilichobadilika ni nani anawatambua. Karatasi kuhama peke yake hakufuti ubatizo wa mtu.

Hilo linamjibu yule mzazi mwenye hofu. Ubatizo hautegemei usafi wala siasa za aliyebatiza. Afrika ya Kaskazini ilipasuka kwa swali hilo karne ya nne: Wadonati walisema sakramenti za maaskofu waliosaliti imani wakati wa mateso ni batili, na Augustino wa Hippo akawajibu kwamba mtoaji ni Kristo. Vifungu 39 vya imani yetu ya Kianglikana vinashika jibu hilo katika kifungu cha 26. Cheti cha mwanao kimebaki kilivyo, hata maaskofu wakuu wote 42 wasipoongea mwaka mzima.

Lakini kutambuana kukifa kabisa, kanisa jipya huzaliwa. Kwa Wajaluo wa Nyanza ya Kenya, uamsho wa miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili uliwagawa Waanglikana. Kundi mojawapo, lililojiita Johera, watu wa upendo, likiongozwa na kasisi Matthew Ajuoga, lilijitenga mwaka 1957 na kuwa Kanisa la Kristo katika Afrika. Hakukuwa na suala la jinsia wala la Canterbury pale. Watu walijiona wamedharauliwa na ndugu zao waliodai kuokoka zaidi yao. Ninalitaja hilo kwa sababu tunapenda kudhani makanisa hupasuka kwa mafundisho tu, wakati dharau ya mchana kutwa inapasua haraka zaidi.

Kuhusu sheria ya nchi, mfano ulio wazi ni Harare. Mwaka 2007 Askofu Nolbert Kunonga alitangaza kuitoa dayosisi yake katika Jimbo la Afrika ya Kati, akitoa sababu ya mahusiano ya jinsia moja, ingawa Jimbo hilo halikuwa limeyakubali. Akajitangaza askofu mkuu wa kanisa lake na kushika majengo: kanisa kuu, makanisa ya mitaa, shule, nyumba za makasisi. Polisi walizuia wengine kuingia. Waumini wengi waliokataa kumfuata walisali chini ya miti na kwenye kumbi za kukodi kwa miaka mitano, mvua na jua. Novemba 2012 Mahakama ya Juu ya Zimbabwe iliamua kwamba Kunonga alijitoa mwenyewe, na anayejitoa haondoki na mali. Desemba waumini wakarudi kanisa kuu.

Marekani mahakama hazikuwa na jibu moja. Virginia mwaka 2013 waliojitenga walishindwa. Texas mwaka 2020 walishinda. Majaji hawakuamua nani anaamini sawasawa. Walisoma katiba, hati na sheria ya serikali ya eneo lao, Virginia au Texas.

Ndiyo maana swali la kiwanja lina jibu kavu. Hapa Tanzania hati ya kiwanja cha kanisa haiandikwi jina la mchungaji, wala la Canterbury, wala la GAFCON. Inaandikwa jina la wadhamini waliosajiliwa, na bodi hiyo iko kwenye daftari la RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Tamko la Kigali, la London au la Abuja, ambako GAFCON ilipanga kukutana Machi 2026, haliandiki herufi hata moja kwenye daftari hilo. Ili Kanisa Anglikana Tanzania lihame kutoka pale lilipo, Sinodi ya Jimbo lazima ikae, na kama katiba inaguswa, maaskofu, makasisi na walei wapige kura kwa utaratibu wa katiba yenyewe. Mjumbe wa Sinodi aliyetumwa na mtaa wako ana sauti humo. Mtu anayetangaza kwa kipaza sauti kwamba "sisi tumeshahama" bila kikao hicho anasema mapenzi yake.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nyakati za namna hii huleta watu. Anakuja mgeni na kofia ya askofu, anakodi ukumbi, anaweka bango lenye neno Anglikana, anawaambia watu wa mtaa uliogombana na mchungaji wake kwamba yeye ndiye Anglikana safi. Muulizeni mambo ya kawaida tu. Waliokuwekea mikono ni maaskofu gani watatu, na wa dayosisi zipi? Sinodi gani ilikuchagua? Usajili wako kwa Msajili wa Jumuiya uko wapi, na sadaka zetu zinaingia akaunti ya nani? Askofu wa kweli, hata wa upande usioupenda, hajibu maswali hayo kwa hasira.

Kuhusu huko mbele, mjadala haujafungwa. Jopo la Ushirika lililokutana Cairo na Nairobi lilitoa mwishoni mwa 2024 mapendekezo kwamba Ushirika uelezwe kwa uhusiano wa kihistoria na Canterbury, badala ya kuwa lazima katika ushirika nayo, na kwamba urais wa Baraza la Ushauri uzunguke miongoni mwa maaskofu wakuu wa kanda mbalimbali. Kwa maoni yangu hilo lilipaswa kufanywa zamani. Tume inayoteua Askofu Mkuu wa Canterbury ina wapiga kura 17, na watano tu wanatoka nje ya Uingereza, wakati Waanglikana wengi wa dunia wako Afrika. GAFCON inaona mapendekezo hayo hayatoshi, kwa kuwa hayagusi mafundisho. Wengine wanaona yanavua kiti heshima. Vyovyote itakavyokuwa, atakayeamua ni Sinodi za majimbo, moja baada ya moja, na hilo litachukua miaka.

Kwa sasa kipimo cha kila siku ni safari. Mwanglikana wa Nyamagana akihamia Kisumu au Kampala, kwenye makanisa yaliyo upande wa GAFCON, abebe barua ya utambulisho kutoka kwa mchungaji wake na cheti cha kipaimara. Atapokelewa na kuandikwa. Akipata masomo London, kwenye kanisa la upande wa pili, atapokelewa mezani kwa ubatizo wake uleule. Siku parokia ya ng'ambo itakapoirudisha barua hiyo, hapo ndipo tutasema mfarakano umefika Mwanza.